Dawa ya Pua Ilivyopimwa, na Kipimo Kinachoifaa Lubumbashi

Dawa ya kupuliza puani iitwayo Bentrio haina kemikali ya kutuliza mzio. Ni jeli yenye bentonaiti, aina ya udongo laini, inayotanda juu ya ngozi ya ndani ya pua ili chavua ya nyasi isiifikie. Imeonyesha nafuu katika majaribio, ila uzito wa nafuu hiyo unategemea ililinganishwa na nini.

Mjini Hannover, Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer ina chumba ambamo kiasi cha chavua hewani hudhibitiwa. Watu 36 wenye mzio wa nyasi walikaa humo kwa saa 4. Kila mmoja aliingia mara mbili, mara moja akiwa amepuliza dawa na mara nyingine bila chochote, hivyo alilinganishwa na nafsi yake. Walijipa alama kwa dalili 4: pua kuziba, kutiririka, kuwasha na kupiga chafya. Kila dalili ilipewa alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu ni 12. Kwa dawa, alama zilishuka.

Hapo pana ufa. Asiyepewa kitu anajua hakupewa, na alama ni kauli yake mwenyewe. Tena, kimiminika chochote kinaweza kuosha chavua puani. Jaribio la baadaye nchini Australia liliziba sehemu ya ufa huo: wagonjwa 100, wiki 2 za maisha ya kawaida, dawa dhidi ya maji ya chumvi. Dawa ilishinda tena, na ushindi huu ndio wa kuaminiwa zaidi.

Lakini majaribio hayo yalifanyika kwingine, na Lubumbashi ina hewa yake. Nyasi ndefu huchanua mvua zikielekea kwisha; kisha kiangazi huleta vumbi la migodi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Pua inayotiririka mwezi wa Agosti huenda inasumbuliwa na vumbi tu. Jaribio la hapa lichague wagonjwa kwa kipimo cha mzio cha ngozi, lifanyike nyasi zikichanua, lihesabu chavua kila siku na kupima vumbi kando. Mlinganisho uwe maji ya chumvi, ambayo ni rahisi na hupatikana.

Na pemba, udongo unaouzwa sokoni, isichukuliwe kuwa mbadala. Bentonaiti ya dawa husafishwa na kupimwa. Pemba hujui imebeba madini gani. Usiitie puani.