Dhamana ya Jengo ni ya Nani?

Tumeletewa mkataba wa pango la fremu ya duka, Kariakoo, Dar es Salaam, tuutazame kabla mpangaji hajatia saini. Vifungu viwili vimetusimamisha. Kimoja kinamtaka alikatie bima jengo zima kwa fedha zake, na likiungua alirudishe lilivyokuwa, awe amekosea au hakukosea. Cha pili kinataka kodi iendelee hata fremu isipokaliwa tena.

Wengi wetu tukisikia bima hukimbilia swali la uhalali. Hilo limeshajibiwa: Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah liliamua mwaka 1985 kwamba bima ya kibiashara ina gharari yenye kuharibu mkataba, na badala yake ni bima ya kushirikiana. Linaloachwa mimbarini ni swali jingine: mzigo huo ni wa nani?

Madhehebu yetu ya Shafii hayana kigugumizi hapa. Mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Hadhamini ila kwa kuvuka mpaka au kuzembea. Imam Nawawi katika Minhaj ameweka matengenezo ya nyumba juu ya mwenye nyumba. Hata theluji ya paani (ya Sham, si ya kwetu) ni yeye aiondoe, na mpangaji akaachiwa kufagia uwanja. Nyumba ikibomoka, ijara imevunjika kwa muda uliobaki. Basi kifungu cha pili hakina pa kusimama.

Wenye majengo hujibu: Waislamu wako juu ya masharti yao. Ni kweli, ila sharti lenye kuhalalisha haramu. Na kumshurutisha mwenye amana adhamini, kwa kauli mashuhuri ya mafakihi, hakumfanyi mdhamini. Baraza hilohilo, mwaka 2000, lilipotazama ijara yenye kuishia kwenye umiliki, lilisema bima ya kilichokodishwa, ikiwapo, iwe ya kushirikiana na gharama yake aibebe mkodishaji. Ikiwa ni hivyo kwa mtu atakayekuja kukimiliki kitu, vipi huyu wa fremu ya mwaka mmoja?

Mwenye jengo anaweza kuihesabu gharama yake tangu mwanzo anapopanga kodi, ijulikane na ikubaliwe. Na mpangaji naye ana lake: bidhaa ni mali yake, kuzikinga ni juu yake, na akijiunganishia umeme kienyeji ukazuka moto, atalipa.

Jengo liliporomoka hapohapo Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Tumejiuliza: mpangaji wa mkataba kama huu, akitolewa hai kwenye kifusi na bidhaa zake zimezikwa, angeambiwa alijenge upya?

Tumemwandikia ndugu yetu maneno ya kubadilisha vifungu vyote viwili. Mwenye fremu amekubali kufuta cha pili. Cha kwanza bado wanavutana. Wallahu a'lam.