Mazoezi Ndiyo Mlango: Namna Mchezo Mpya Unavyompata Mtazamaji

Mtu wa Singida akipanda basi la kupitia Babati, Arusha na Namanga, akafika Nairobi na jioni akatamani mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, uliotungwa na wenyeji, jambo la kwanza huuliza ukumbi uko wapi. Ataelekezwa Kenya National Theatre, Barabara ya Harry Thuku, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1952, enzi za mkoloni, na linastahili kutembelewa. Lakini historia yake yenyewe inaonyesha kwamba kuufikia ukumbi ni jambo moja, na kuufikia mchezo wa wenyeji ni jambo jingine.

Mwaka 1976 Wakenya waliandaa tamthilia mbili za kupeleka tamasha la sanaa la FESTAC, Lagos: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Ukumbi wa taifa ulizibana katika siku chache tu, katikati ya baleti kutoka Ufaransa na mchezo wa nyimbo wa Kimarekani, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Mgeni aliyefika juma lililotangulia au lililofuata angerudi kwao akisimulia kwamba Nairobi haina michezo yake. Kumbe siku ya ufunguzi wa Dedan Kimathi, waigizaji na watazamaji walitoka pamoja wakiimba na kucheza mpaka barabarani.

Kutokana na kubanwa huko ilizaliwa mbinu ninayotaka tuichambue. Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitunga mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na vibarua. Hawakujifungia ndani. Mazoezi yalifanyika uwanjani, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Wazee walisahihisha lugha ya wahusika, wanawake walirekebisha nyimbo na hatua za ngoma, na aliyeona mwigizaji anakosea alisema hapo hapo. Mchezo ulipofunguliwa rasmi mwezi Oktoba, watazamaji wengi walikuwa wameuona ukikua, na baadhi walijua maneno ya wahusika kwa moyo. Hapakuwa na haja ya kumtafuta mtazamaji, kwa sababu alikuwemo tangu mwanzo. Serikali ilifuta kibali mwezi Novemba, na mwishoni mwa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini.

Jaribio lililofuata lilikuwa gumu zaidi, na kwangu ndilo lenye mafunzo mengi kwa anayetafuta michezo ya aina hii. Maitũ Njugĩra ni mchezo unaobebwa karibu wote na nyimbo, katika lugha kadhaa za Kenya, kuhusu vibarua wa enzi za ukoloni. Ulipangwa kuchezwa Kenya National Theatre mwezi Februari 1982. Kibali hakikutoka, na kikundi cha Kamiriithu kikakuta milango imefungwa. Wakarudi Chuo Kikuu na kuendelea na mazoezi, milango ikiwa wazi kwa umma. Habari zikasambaa kwa mdomo, watu wakafurika hadi kukaa sakafuni na kusimama nje ya madirisha, wengine wakitoka mbali na Nairobi. Mazoezi nayo yakapigwa marufuku, lakini maelfu walikuwa wameshautazama mchezo ambao kwenye karatasi haukuwahi kufunguliwa. Mwezi Machi ukumbi wa wazi wa Kamiriithu ukabomolewa.

Tazama jinsi ilivyofanya kazi. Wimbo hubebeka: aliyeusikia jioni huondoka nao, na kesho yake jirani anauliza umetoka wapi. Mazoezi hayatozi kiingilio, kwa hiyo hata asiye na uwezo huingia. Zaidi ya hayo, mazoezi huchukua majuma mengi, ilhali maonyesho ya mchezo mpya mara nyingi huisha kwa siku chache. Mgeni mwenye siku chache mjini ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mazoezi kuliko maonyesho. Sioni sababu ya mtu kuona haya kubisha hodi mazoezini na kuomba kukaa nyuma kimya.

Njia ya pili ya kuikuta michezo hii ni kalenda ya matamasha. Mwanamuziki Eric Wainaina alichukua masimulizi ya Wajaluo kuhusu Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe, akayafanya mchezo wa nyimbo, Lwanda, Man of Stone. Mchezo wake mwingine, Mo Faya, unaomhusu mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda, ulifika New York mwaka 2009. Haukuchezwa Broadway, bali katika tamasha la michezo mipya ya nyimbo. Aliyekuwa New York akitafuta mabango makubwa tu aliukosa. Kenya pia ina tamasha la maigizo la shule na vyuo, ambalo fainali zake kwa kawaida huangukia mwezi Aprili, na kazi nyingi hutungwa na walimu wenyewe. Huku kwetu Tanzania kuna tamasha la Bagamoyo, la chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na karibu zaidi na Singida kuna tamasha la muziki wa Kigogo la Chamwino, Dodoma.

Mambo haya yanatuhusu hapa nyumbani. Sherehe za kitaifa za Mei Mosi mwaka 2025 zilifanyika Singida. Siku kama hiyo mgeni huona ngoma na kwaya kwa dakika chache kabla ya hotuba, ilhali kazi yenyewe ilipikwa kwa majuma, jioni baada ya jioni, katika viwanja vya shule na makanisa. Igizo la Krismasi au la Ijumaa Kuu nalo hutungwa vivyo hivyo, na anayelala gesti jirani husikia nyimbo asijue kwamba anaruhusiwa kuingia.

Nawaomba maofisa utamaduni wa halmashauri zetu, kuanzia Manyoni mpaka Mkalama, wakusanye ratiba za mazoezi ya vikundi vya ngoma, kwaya na maigizo, wazibandike stendi ya mabasi na mapokezi ya kila gesti, na waandike chini yake kwamba mgeni anakaribishwa.