Usawiri wa Fisi katika Ngano na Nafasi Yake miongoni mwa Wanyama wa Fahari

Ngano ya fisi aliyefika njia panda, akanusa nyama pande zote mbili na kupasuka msamba kwa kutaka kuzifuata njia zote, imefupishwa katika methali isemayo "Njia mbili zilimshinda fisi." Uhakiki uliozoeleka huishia katika dhamira ya tamaa: fisi ni binadamu aliyevikwa ngozi ya mnyama. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaacha swali moja. Mnyama mwenyewe anapata nini kutokana na ishara aliyobebeshwa?

Swali hili huwa zito tukitazama ishara zilizochaguliwa na dola ya Tanzania. Simba, faru na ndovu wamechapwa katika noti za shilingi 2,000, 5,000 na 10,000. Twiga ni mnyama wa taifa. Katika ngao ya taifa, mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu. Ni ajabu kwamba ndovu anatukuzwa hapo kwa kiungo kilekile kinachomponza. Fisi hayumo. Usukumani husimuliwa kuwa kipando cha wachawi usiku, na anapouawa karibu na makazi, ni wachache wanaomhurumia.

Utafiti wa Hans Kruuk, uliofanyika Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, ulionesha kwamba fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba ndani ya Kreta ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekula mawindo ya fisi. Ngano zimempa mmoja ufalme na mwingine uroho. Sidai kwamba ngano zisahihishwe kwa biolojia; ngano haina deni hilo. Kosa ni la uhakiki unaoifundisha ishara hiyo darasani kana kwamba haina mwili unaoweza kupigwa mkuki. Elimu ya uhifadhi inayoegemea wanyama wa fahari pekee hailiondoi kosa hili, kwa kuwa humtetea mnyama ambaye tayari ana heshima.

Fasihi simulizi yenyewe si katili kiasi hicho. Katika usimulizi wa bibi yangu mzaa mama, fisi alikuwa hajala kwa siku tatu kabla ya kufika njia panda. Kitabu nilichosomea shuleni kiliziacha siku hizo tatu.