Ufundi wa Kuuliza na Kunyamaza

Morogoro huitwa Mji Kasoro Bahari, na wenyeji hulitamka jina hilo kwa kujidai: milima ipo, mito ipo, mboga na matunda hayakauki sokoni. Wapenzi wa muziki huongeza kwamba hapo ndipo walipovumia Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Ni wachache wanaoutaja kuwa mji wa vitabu, ingawa sifa hiyo inaustahili. Chini ya Milima ya Uluguru ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyopewa hadhi hiyo kwa sheria ya mwaka 1991. Kipo Chuo Kikuu Mzumbe. Ipo Mazimbu, ambako vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi walisoma katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, tangu 1978 hadi kilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Na ipo maktaba ya mkoa, iliyo ya kila mtu: mwanafunzi, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mama aliyeshuka na ndizi kutoka Kinole.

Vitabu, basi, vipo. Kinachohitajika ni mtu wa kuwakutanisha watu juu ya kitabu kimoja, mara moja kwa mwezi, akawafanya waondoke wakitamani mwezi ujao ufike upesi. Kazi hiyo ina ufundi wake, na ufundi huo unastahili kusifiwa kama unavyosifiwa wa mchonga vinyago au mpiga gitaa.

Anayeingia katika maktaba ya umma karibu popote Tanzania ataona jambo lilelile. Viti vimejaa vijana walioinamia madaftari yao wakijiandaa na mitihani. Riwaya na tamthiliya zimesimama kwenye rafu, migongo ikiwa mizima kama siku zilipotoka kiwandani. Hilo si kosa la vijana. Wamefundishwa kwamba kitabu husomwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha, kitabu nacho kimekwisha. Lakini huduma hii ilianzishwa kwa nia pana zaidi. Sheria ya maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, katika sherehe za Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Huyo alikuwa rais aliyekuwa tayari ameitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, na miaka miwili baadaye akatoa Mabepari wa Venisi. Hakuna mtihani uliomlazimisha kufanya kazi hiyo.

Ufundi wa mwongozaji huanza wiki nyingi kabla ya mkutano, pale anapochagua kitabu. Mwongozaji mzuri hachagui kitabu anachokipenda yeye tu, wala kile kinachosifiwa na wote. Anatafuta kitabu kitakachowagawa wasomaji bila kuwagombanisha, kisichozidi muda wa watu wenye kazi, na kinachogusa mahali wanapoishi. Kwa Morogoro, mfano mzuri ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982. Mwandishi huyo alizaliwa Berega, mkoani humohumo, mwaka 1948, akaja kuwa profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthiliya yake inawahusu wanawake wa kijiji cha Patata wanaotaka kuisimamisha nguzo, na kila mmoja anavutwa pembeni na taabu zake. Ni fupi, ina Bi Msimulizi wa kuwashika mkono wasikilizaji, na inafaa kusomwa kwa sauti kwa kugawana wahusika.

Hapo tatizo la nakala hupungua makali. Vikundi vingi vya vitabu duniani hujengwa juu ya dhana kwamba kila mwanachama atanunua nakala yake. Morogoro dhana hiyo huwafungia mlango watu walewale ambao maktaba iliwekwa kwa ajili yao. Mwongozaji fundi hupanga zamu: nakala mbili za maktaba zizunguke, kila mmoja akae na moja siku kadhaa, na siku ya mkutano sura moja au mbili zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Aliyesoma chote anasikia upya; aliyekosa zamu anapata pa kuanzia; mzee ambaye macho yamechoka naye yumo. Huko si kujishusha. Pwani yote ya Waswahili, tenzi ziliishi kwa karne nyingi kwa kughanwa mbele ya watu, na waliozihifadhi hawakuwa wote wenye kujua kusoma.

Bara nako kuna mfano mkubwa uliosahaulika mapema mno. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Radio Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi nchi nzima, wakazunguka redio, wakasikiliza kipindi, kisha anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu cha somo la wiki: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Baada ya hapo walijadili na kuamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Waliobeba mzigo huo walikuwa viongozi wa vikundi, takriban elfu sabini na tano, waliopewa mafunzo mafupi ya kuongoza mazungumzo badala ya kuhutubia. Kwa hiyo anayedai kwamba kukaa pamoja kuzungumzia maandishi ni mtindo wa kigeni hajasoma historia ya nchi yake. Nusu karne iliyopita Watanzania walilifanya jambo hilo kwa wingi ambao nchi chache zimeufikia.

Siku ya mkutano sasa. Viti vimepangwa duara, wala hakuna meza ya mgeni rasmi. Salamu zinachukua muda wake, na mwongozaji haziharakishi, kwani shikamoo na habari za nyumbani ndizo zinazomtoa mtu barabarani na kumwingiza chumbani. Kisha huuliza swali la kwanza, na swali hilo ndilo kipimo cha ufundi wake. Swali baya huwageuza watu kuwa wanafunzi: dhamira kuu ya mwandishi ni nini? Hapo kila mtu hukumbuka darasani, akaogopa kukosea. Swali zuri halina jibu la kwenye mwongozo wa mtihani. Kwa Nguzo Mama mtu aweza kuuliza: kati ya wanawake hawa, ni yupi angekuja kugonga mlango wako usiku, na je, ungemfungulia?

Akishauliza, hunyamaza. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Kimya cha mwanzo hutisha, na mwongozaji mchanga hukimbilia kukijaza kwa maelezo yake mwenyewe. Aliyekomaa hukiacha kimya kifanye kazi, akijua kwamba mtu fulani kule pembeni anayapanga maneno yake. Dakika moja ikipita, hutokea mtu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na kuanzia hapo mkutano hujiendesha.

Adabu ya Kiswahili huleta mtihani wake katika duara hilo. Mkubwa akishasema, mdogo huona haya kumpinga, na maoni ya mwalimu mstaafu huweza kugeuka hukumu kabla kijana wa bodaboda hajafungua kinywa. Kumkatiza mzee ni utovu wa heshima. Kumwacha azungumze peke yake ni kuwapoteza vijana. Njia ya busara ni kubadili mpangilio bila kuvunja adabu: wadogo waanze, wazee wafunge. Mzee hupewa nafasi ya aliyesikiliza kwanza, nafasi yenye heshima kubwa katika baraza lolote, na kijana husema akiwa huru. Vivyo hivyo kwa msemaji asiyenyamaza. Mwongozaji humshukuru, humtaja mwingine kwa jina na kumkaribisha: Mama, wewe ulikuwa unatikisa kichwa, tuambie. Utani nao husaidia, kwa sababu watu waliozoea kutaniana huweza kupingana bila kuweka kinyongo.

Kuna vitabu vinavyohitaji mkono mwangalifu zaidi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni kwa namna ilivyosema waziwazi juu ya mapenzi, malezi na unafiki. Sehemu ya kisa hicho hupita katika chuo cha ualimu cha Morogoro, baada ya Rosa kutoka Ukerewe na Mwanza. Wasomaji wa mji huu wana haki ya pekee ya kukijadili, na wana uwezekano mkubwa wa kuishia kuhubiriana. Ukiuliza nani alaumiwe, utapata mahubiri mawili, moja dhidi ya mabinti na jingine dhidi ya wazazi. Mwongozaji fundi huuliza kwa upole zaidi: ni ukurasa gani ulitamani Rosa awe na mtu wa kuzungumza naye? Mzazi na binti wanaweza kulijibu swali hilo wakiwa chumba kimoja, na mara nyingi watataja kurasa tofauti. Ndipo kila mmoja husikia alichokuwa hakioni.

Peponi nayo ni ya kusubiriwa kwa hamu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise, ya 1994, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina hilo katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Kijana Yusuf anatolewa na wazazi wake kwa tajiri kwa sababu ya deni, kisha anaingia bara na msafara. Morogoro ilikuwa kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Mvumbuzi Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wenye boma, Simbamwene, ukitawaliwa na binti wa chifu Kisabengo. Swali la kuanzia liko tayari: wewe ulijua kabla ya Yusuf kwamba yeye ni rehani, au mlijua pamoja?

Kikundi kinachodumu hujua pia kusoma kalenda ya mahali pake. Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, kwa hiyo siku hiyo haifai. Ijumaa mchana ni ya msikitini, Jumapili asubuhi ya kanisani. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za kutoka Mgeta na Matombo huteleza na wa mlimani hawashuki kwa urahisi. Huo ndio wakati wa kuchagua kitabu kifupi na kuwapa nafasi ya kukisoma wakiwa nyumbani. Ramadhani ikifika, mkutano husogezwa ili watu wawahi futari. Anayeyazingatia hayo haonekani kufanya jambo kubwa, lakini ni hayo yanayomfanya mtu ahisi kwamba kikundi ni chake.

Milima yenyewe inaweza kuketi katika duara. Mwaka 1955 Waluguru walikataa amri ya wakoloni ya kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, Matombo kukawa na ghasia, na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika juu ya siasa za ardhi za Waluguru katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine anaweza kuwafasiria wenzake kurasa chache, na mzee wa Matombo akaeleza yale aliyoyasikia kwa wazazi wake. Siku hiyo kitabu kinapata cha kuongezewa, na mwongozaji mwenye akili huwa na daftari la kuandika.

Wapo walioonyesha kwamba jambo hili linawezekana katika mazingira yetu. Dar es Salaam, Soma Book Café ya Demere Kitunga imewakutanisha wasomaji na waandishi kwa miaka mingi. Nairobi, Book Bunk, taasisi ya Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, imefufua maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, ikizifanya mahali pa watu kukutana na kuzungumza. Morogoro haihitaji kungoja jengo jipya. Inahitaji chumba kwa saa mbili, viti vilivyokwisha kununuliwa na serikali, mkutubi mwenye moyo, na mtu mmoja aliye tayari kuuliza kisha akanyamaza.

Basi msomaji wa Kihonda, Bigwa, Kilakala au Mji Mpya aende maktaba ya mkoa wiki hii, aonane na mkutubi, aombe meza moja kwa alasiri moja kila mwezi. Aanze na Nguzo Mama na watu watano. Ambaye hajasoma chochote tangu alipomaliza shule ndiye aalikwe wa kwanza.