Samuel Gathimba: kasi inayotoka kwenye nyonga

Tarehe 15 Julai 2022, mjini Eugene, Marekani, Mkenya Samuel Gathimba alimaliza wa nne katika matembezi ya kasi ya kilomita 20 kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Alitumia saa 1, dakika 19 na sekunde 25. Bingwa, Toshikazu Yamanishi wa Japani, alimzidi sekunde 18 tu. Shaba ilimponyoka kwa sekunde 7. Kila kilomita aliitembea kwa wastani wa dakika 3 na sekunde 58. Wengi wetu hapa Mjimwema, Songea, hatuwezi kwenda kasi hiyo hata tukikimbia.

Aliwezaje? Tuanze na sheria, maana ndizo zinazoujenga mwendo wenyewe. Kwanza, jicho la mwamuzi lisione miguu yote miwili ikiwa hewani. Pili, mguu wa mbele uwe umenyooka gotini tangu unapogusa ardhi hadi mwili upite juu yake. Kadi nyekundu tatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti humtoa mtembeaji, au, katika kilomita 20, humsimamisha dakika 2 pembeni pale mashindano yanapotumia eneo la adhabu.

Goti likishafungwa hivyo, nguvu itoke wapi? Kwenye nyonga. Nyonga husukumwa mbele pamoja na mguu, ikiongeza urefu wa hatua bila mtu kuruka. Nyayo hukanyaga karibu kwenye mstari mmoja, kisigino kikitangulia. Mikono hukunjwa kwenye kiwiko na kupigwa kwa nguvu mbele na nyuma, kwa sababu mguu hufuata mdundo wa mkono.

Hesabu inaonyesha ugumu wake. Mtembeaji wa kasi ile akipiga hatua 200 kwa dakika, kila hatua lazima imfikishe takriban mita 1.26. Akirefusha zaidi, ananyanyuka na kuadhibiwa, akifupisha, anaachwa.

Gathimba aliujenga mwendo huo kwa miaka mingi: dhahabu ya Afrika 2016, shaba ya Jumuiya ya Madola 2018, dhahabu ya Michezo ya Afrika 2019, kisha saa 1:18:23 jijini Nairobi mwaka 2021. Na hayuko peke yake: Mkenya mwenzake Emily Ngii alitwaa shaba ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham 2022, katika matembezi ya mita 10,000.

Makocha wa Songea, mchezo huu unatufaa. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na vijana wetu wamezoea kutembea. Vilima vyetu viachwe kwa mazoezi ya nguvu, kwani mteremko humnyanyua mtu na mwinuko humkunja goti. Mbinu ifundishwe kwenye barabara tambarare, duru ya kilomita moja, kocha akisimama pembeni kama mwamuzi. Anzeni na goti na nyonga. Saa ya kupimia muda ije baadaye.