Tenzi za Vita na Mafunzo ya Historia ya Ubeberu

Tenzi mbili mashuhuri za vita vya Wadachi zimezoea kusomwa katika madarasa ya fasihi peke yake. Mwanafunzi huhesabu mizani nane, hukitaja kina cha bahari, huyaorodhesha maneno yenye asili ya Kiarabu, kisha hufunga kitabu. Upande wa pili wa ukuta, katika darasa la historia, wenzake hufundishwa vita vivyo hivyo kwa hati za Ulaya, na katika shule za sekondari za Tanzania wamefundishwa hivyo kwa miaka mingi kwa Kiingereza. Makala haya yataka kuonyesha kwamba utengano huo umeyadhuru masomo yote mawili, na kwamba hasara iliyo kubwa zaidi imo katika maneno. Mwanafunzi apokeaye historia ya ubeberu kwa maneno yasiyopimwa hupokea pamoja nayo hukumu ya mtawala, hata pale mwalimu wake anapodhani kuwa anamlaani mtawala huyo.

Vitabu vyenyewe havihitaji kutambulishwa kwa urefu. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy ni wa mwaka 1307 wa Hijra, yaani 1889 au 1890, nao ulipigwa chapa na East African Literature Bureau mwaka 1960 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ulitolewa na W. H. Whiteley mwaka 1957. Mtungaji wa kwanza aliandika wakati majeraha yangali mabichi. Mwanafunzi wa historia angetaka shahidi gani aliye karibu zaidi?

Na tuanze na neno uasi. Mtu humwasi aliye juu yake kwa haki: mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mola wake, askari humwasi jemadari. Kabla hoja yoyote haijatolewa, neno limekwisha kumhukumu mtendaji. Sasa tuutazame mwaka 1888. Kwa mkataba wa tarehe 28 Aprili, Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha Kampuni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki utawala wa pwani na ukusanyaji wa ushuru kwa miaka 50. Mwezi wa Agosti maofisa wa kampuni, miongoni mwao Emil von Zelewski huko Pangani, walikwenda kuipandisha bendera yao. Watu waliowapinga hawakupata kamwe kuwa raia wa kampuni hiyo. Je, walimwasi nani?

Wadachi waliyaita mambo hayo maasi ya Waarabu, na jina hilo liliwafaa. Januari 1889 bunge lao liliidhinisha marki milioni 2, na miongoni mwa sababu zilizotangazwa ilikuwamo kuikomesha biashara ya watumwa. Ilikuwa rahisi kuilipia vita ya namna hiyo kuliko kuilipia vita dhidi ya miji ya Mrima na Wazigua waliomfuata Bwana Heri wa Saadani. Jina la utenzi wa Hemedi lasema vingine. Mtendaji ndani yake ni Mdachi, na tendo lake ni kutamalaki, yaani kuishika nchi na kuifanya milki yake. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kimeuweka mzigo mahali pake. Hata jina la siku hizi, vita vya Abushiri, lapunguza: laifanya nchi nzima kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alinyongwa Pangani Desemba 1889 hali Bwana Heri yungali akipigana. Vivyo hivyo kwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walimwua Zelewski yuyo huyo huko Lugalo. Mtawala aliyekuwa hajatia shingo yake chini ya serikali ya Wadachi hawezi kuitwa mwasi ila na yule aliyekwisha kujihesabia nchi yake.

Neno la pili ni himaya. Ni jamaa moja na kuhami, na maana yake ya asili ni ulinzi. Mkutano wa Berlin ulimalizika tarehe 26 Februari 1885. Siku ya pili yake Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliitia sahihi hati ya kuzichukua chini ya ulinzi wake nchi ambazo Carl Peters alidai kuzipata. Leo vitabu vyetu huandika himaya na kukusudia milki ya dola, wala mwanafunzi haulizi ulinzi ule ulikuwa wa nani, na dhidi ya nani. Hapa pana somo zima la historia katika neno moja, nalo hupita bila kufundishwa.

La tatu ni mkataba. Novemba 1884 Peters alimfikia Mangungo wa Msovero katika Usagara, na mtawala huyo akatia alama yake katika karatasi iliyoandikwa kwa Kidachi, isemayo kwamba ameitoa nchi yake na haki zake zote. Katika maongezi ya siasa Tanzania jina la Mangungo limekuwa fumbo la kiongozi atiaye sahihi asichokisoma. Wanafunzi humcheka. Lakini mkataba ni maafikiano ya wawili walioelewana, na swali la mwanachuoni wa lugha lapasa kutangulia kicheko: maneno ya karatasi ile yalimfikia Mangungo kwa kinywa gani, na kwa maana gani? Darasa lisilouliza hivyo limeikubali karatasi ya Peters kuwa mkataba halali, likabakiza kumlaumu mzee wa Msovero tu.

Hata hivyo haifai kuzipokea tenzi kana kwamba ni picha tupu ya yaliyotokea. Hemedi alikuwa bingwa wa utenzi wa kale. Ndiye aliyetunga pia Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, wenye habari za vita vya mwanzo vya Uislamu. Barua za kujibizana, mashauri ya wakuu na majigambo ya mashujaa ni mapambo yaliyozoeleka katika bahari hiyo tangu siku za Utenzi wa Tambuka, ulio wa mwaka 1728. Yayo hayo yakionekana katika habari za Mrima, msomaji hana budi kupambanua lipi latoka katika macho ya shahidi na lipi katika desturi ya ufundi wake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwalimu wa historia asiyejua utenzi, wala na mwalimu wa fasihi asiyejua mwaka 1888.

Tena si washairi wote waliosimama upande mmoja. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Wadachi kisha mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alikusanya mashairi ya Waswahili waliomsifu mtawala mpya. Mwalimu Mbaraka bin Shomari alimtungia shairi Hasan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Kilwa mwaka 1895, naye alimtazama kwa jicho la serikali. Walimu wengine hupenda kuyaficha mashairi hayo kwa kuona haya. Huko ni kukosea. Ubeberu haukusimama kwa bunduki peke yake. Ulisimama pia kwa makarani, askari, maliwali na washairi wa nchi yenyewe, na mwanafunzi asiyeonyeshwa hao hataelewa jinsi watu wachache waliotoka ng'ambo walivyoweza kuishika nchi kubwa kiasi hiki. Utenzi wa Abdul Karim nao watoka katika mji wa Lindi, hali moto wa 1905 uliwaka kwanza katika vilima vya Matumbi. Umbali huo kati ya mji na kilima lazima ufundishwe pamoja na beti.

Mfano mwema umekwisha kutolewa. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji. Ilikuwa kazi ya sifa, ingawa sehemu kubwa ya matunda yake ilitolewa kwa Kiingereza, na maneno ya wazee yakabaki nyuma ya tafsiri. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile, akawaonya wasomaji kuwa shujaa wake ni kiumbe wa ubunifu wala si yule Kinjikitile aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905. Onyo lile lafaa kuandikwa juu ya ubao wa kila darasa: kila matini ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana haja yake.

Mwisho, neno ubeberu lenyewe lisisamehewe. Limetokana na beberu, dume la mbuzi, nalo lina dharau ya haki ndani yake. Lakini dharau si maelezo. Mwanafunzi aweza kulitamka mara mia bila kujua kwamba pwani ilikodishwa kwanza, ikapiganiwa, kisha ikalipiwa marki milioni 4 kwa Sultani baada ya mapatano ya 1890. Yafaa basi utenzi wa Hemedi, shairi la Makunganya na utenzi wa Lindi viwekwe mezani pamoja na hati ya Kaisari na karatasi ya Msovero, vikasomwe na walimu wawili katika darasa moja, neno kwa neno. Mwanafunzi atakayepita katika mafunzo hayo atajua kuipima hati yoyote atakayoletewa, ya jana au ya kesho, kabla hajaitia sahihi yake.