Bei ya Mwanagenzi

Mwulize mwenye kampuni ndogo ya programu kwa nini haajiri vijana waliomaliza chuo juzi, atakutajia mshahara. Lakini mshahara ni kipande kidogo cha gharama. Kikubwa hakimo kwenye daftari la mhasibu: saa za wale mafundi wazoefu, mmoja au wawili, wanaoibeba kampuni nzima.

Itazame Andela, kampuni iliyowafunza vijana kuandika programu. Ilianzia Lagos mwaka 2014, mwaka uliofuata ikafika Nairobi, baadaye Kampala na Kigali. Kijana alichujwa vikali, akafundishwa takribani miezi sita huku analipwa, naye akajifunga kwa miaka minne. Akishaiva, alibaki Nairobi au Lagos akiandika programu za kampuni za nje, na hizo ndizo zilizolipa. Hesabu yote iliegemea miaka hiyo minne, kwamba hasara ya mwanzo ingerudi polepole. Wawekezaji waliikubali; mwaka 2016 taasisi ya Chan Zuckerberg iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24.

Septemba 2019 Andela ikatangaza kupunguza wahandisi wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja sasa wanataka wazoefu. Wapo waliosema hapo ndipo ilipodhihirika kuwa vijana hawafai. Mimi naona jambo jingine. Kila mteja aliyempokea mchanga alikuwa, pamoja na ada, anatoa saa za mafundi wake kumkagua na kumwelekeza. Timu inayommudu mmoja haiwamudu watatu. Kuzalisha wanagenzi ni rahisi kuliko kuzalisha watu wa kuwakagua.

Kampuni ndogo, tuseme ya watu wanane, ina nafuu hapa, ikichukua mmoja kwa wakati. Wiki ya kwanza aandae kompyuta yake mwenyewe na kuandika kila alipokwama; maandishi hayo yatamfaa atakayemfuata, na mara nyingi yanafichua mambo yaliyomo kichwani mwa mtu mmoja tu. Kisha apewe hitilafu ndogo ambayo mteja ameilalamikia kweli. Mazoezi ya pembeni yasiyotumiwa na mtu hayamfundishi kuogopa kuharibu. Na kazi yake iletwe vipande vidogo: mistari 40 ya msimbo hukaguliwa kabla chai haijapoa, ila mistari 1,000 ikiletwa Ijumaa jioni fundi atapitisha macho, aseme “sawa tu”, na Jumatatu simu za wateja zitaanza.

Serikali ya Kenya ilipoweka nafuu ya kodi kwa wanaowapa wahitimu wa vyuo vikuu mafunzo kazini, iliweka sharti la wahitimu wasiopungua kumi. Kumi! Kampuni ya watu wanane ingewaketisha wapi, achilia mbali kuwakagua?

Inabaki hofu ya kwamba akishaiva ataondoka. Mkataba wa kumfunga miaka minne hauna nguvu sana pale ambapo kampuni nyingine iko tayari kumlipa mara mbili. Tatizo la kampuni nyingi ni kwamba baada ya mwaka kijana ana bei mpya sokoni, ilhali ofisini bado analipwa mshahara wa mwanagenzi. Kwa hiyo nyongeza ya baada ya miezi sita na ya baada ya miezi kumi na miwili ziandikwe kwenye barua yake ya ajira siku anapoingia.